Sauti Ndani ya Fuwele

Mshale wa mita ulisimama kwenye saba, na waya haukuchomekwa popote.

"Imeharibika," profesa alisema.

"Hii ni ya tatu, Profesa. Zote zinasoma hivyo hivyo." Fundi wa maabara alikuwa mzee, walimwita Koleo kwa jinsi vidole vyake vilivyonasa vitu vidogo bila kutetemeka.

Chini ya mita ilikaa fuwele nyeusi, ndogo kama ukucha. Kwa miaka ishirini na sita profesa huyo wa uhandisi wa umeme alikuwa akichoma madini tanurini, akitafuta nusu-kipitishi, kipande cha kuongozea umeme kama vile vya ndani ya simu, kitakachostahimili joto linaloua vingine vyote. Wenzake walimcheka, wakamwita Mama Majivu. Sasa alikuwa amekipata, na kilitoa umeme ambao hakuna aliyekipa.

Mchana chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua, ingawa tanuri lilikuwa baridi. Koleo aliinama juu ya fuwele.

"Kuna mtu anapumua humu," alinong'ona.

"Acha utani, kaka."

Koleo aligeuka amjibu. Midomo ikacheza, sauti isitoke. Ilitokea kwenye fuwele, ikiwa na kikohozi chake cha sigara: "Profesa, nitoe, huku ni moto mtupu."

Siku tatu mzee hakutamka neno, na ngozi yake iliunguza kila aliyemgusa. Siku ya nne dada yake mkubwa, mganga, aliingia maabara akimwongoza kwa ncha ya kanga. Alinusa, akakunja uso.

"Jini halina mwili. Wewe umelijengea nyumba, limehamia, na limemvuta ndugu yangu humo akae nalo."

"Nifanyeje, dada?"

"Ivunje."

"Haya ni maisha yangu yote. Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Mwache alivyo."

Profesa alichukua nyundo, na hapo fuwele ikaanza kusema kwa sauti ya profesa mwenyewe, taratibu, ikimtajia kila jaribio lililoshindwa na kila aliyemcheka, ikimwahidi kwamba jina lake litasomwa vyuoni mpaka wajukuu wa wanafunzi wake wazeeke, ikamsihi aweke nyundo chini, chini tu, huku mshale ukigonga mwisho wa mita na kioo chake kikipasuka na harufu ile ikimjaa kooni hata akashindwa kujua ni nani kati yao anayelia.

Akapiga.

Fuwele ikawa vumbi. Koleo akakohoa, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Maji."

Profesa aliketi sakafuni, akamshika mkono. Sasa ulikuwa wa baridi, haukuunguza tena. Hakujuta, ingawa alilia.

Juma lililofuata alipigiwa simu na mtafiti wa chuo cha mbali, mtu asiyemjua, aliyefuata hatua kwa hatua makala ambayo profesa aliituma mara tu alipoipata fuwele.

"Profesa, tumefaulu kutengeneza fuwele yako," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini msaidizi wangu ameacha kusema tangu jana. Na humu ndani kuna mtu anakuulizia."