Filamu ya Robo Kilo

Kila siku ya kazi mama yake Dorkasi aliondoka nyumbani alfajiri. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba, na kutoka kwao Miyuji hadi huko ni mbali. Dorkasi alibaki kufagia uwanja, kuosha vyombo vya jana na kufunga mlango kabla ya kwenda shule. Kwa kawaida alifagia vizuri. Wiki ile alifagia katikati tu, akaacha takataka pembeni, kwa sababu mawazo yake yote yalikuwa kwenye kishikwambi cha shule.

Mwalimu Optatus, aliyefundisha Hisabati Darasa la Sita, alikuwa amewapanga wanafunzi wake wawili wawili. Kila wawili watengeneze katuni fupi ya kuwasaidia wadogo zao wa Darasa la Tatu kuelewa jambo moja linalowasumbua. Dorkasi alipangwa na Castory, mvulana mrefu mwenye utani mwingi. Mada waliyopewa ilikuwa sehemu, yaani namba kama nusu na robo.

"Darasa la Tatu wakiona 1/4 na 1/2, wanasema 1/4 ndiyo kubwa," mwalimu aliwaeleza. "Ukiwauliza kwa nini, wanakujibu kwamba nne inaizidi mbili. Nataka filamu itakayoondoa kosa hilo. Wakielewa, tutaionesha kwenye kikao cha wazazi Ijumaa. Wasipoelewa, hatutaionesha. Na kabla hamjaniletea, mjaribisheni mtoto mmoja kwanza."

Jioni Dorkasi alimweleza mama yake. Mama alikuwa amechoka, lakini alikaa wima aliposikia.

"Yaani itaoneshwa ukutani, wazazi wote wakiangalia?"

"Ndiyo, mama. Kama Darasa la Tatu wataelewa."

"Basi Ijumaa naomba ruhusa kazini. Nije nione kazi ya mwanangu."

Tangu hapo Dorkasi hakutulia. Alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora, na programu ya katuni iliyokuwa kwenye kishikwambi aliizoea upesi. Unachora picha, unainakili, unaisogeza kidogo, unainakili tena. Ukizipitisha kwa haraka, mchoro unatembea. Dorkasi alichora mbuzi mweupe aliyevaa miwani nyeusi. Akamfanya acheze ngoma kwa miguu miwili. Kisha mbuzi akaletewa chapati, akala robo, akala nusu, akapiga chafya, nyota zikaruka kila upande. Muziki ulipigwa mwanzo hadi mwisho, na Dorkasi mwenyewe aliweka sauti: "Robo ni ndogo kuliko nusuuu!"

Castory aliangalia mpaka mwisho akiwa amekunja mikono. "Dorkasi, hii ni filamu ya hesabu au harusi ya mbuzi?"

"Acha wivu, Castory. Wewe mbuzi wako ana miguu kama viti."

"Sawa, mimi sijui kuchora. Ila 1/4 yenyewe nimeiona mara moja tu, tena imefunikwa na mkia."

"Watoto wanapenda vitu vya kuchekesha," Dorkasi alijibu, akakifunga kishikwambi.

Wakati wa mapumziko alimtafuta Tabu, mtoto wa jirani yao aliyekuwa Darasa la Tatu. Tabu aliitazama filamu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Umeelewa?" Dorkasi aliuliza.

"Nimeelewa, dada!"

Kwa hiyo Dorkasi alimwambia mwalimu kwamba wamemjaribisha mtoto mmoja na ameelewa vizuri. Hakuona kwamba kuna tatizo.

Siku iliyofuata Darasa la Tatu walibanana kwenye madawati, madirisha yakazibwa kwa khanga, na projekta ikawashwa. Mbuzi alipoanza kucheza, darasa zima lilipiga makofi. Alipopiga chafya, wengine walisimama juu ya viti. "Tena! Tena!" walipiga kelele, na ikarudiwa. Dorkasi alisimama nyuma akitabasamu hadi masikioni.

"Mmeelewa?" Mwalimu Optatus aliuliza.

"Ndiyooo, mwalimu!" darasa liliitikia kwa sauti moja.

Mwalimu alichukua chaki. Upande mmoja wa ubao aliandika 1/4, upande wa pili 1/2. "Simama mbele ya sehemu iliyo kubwa zaidi," alisema.

Watoto walikimbia wakisukumana. Vumbi lilipotulia, karibu wote walikuwa wamejazana mbele ya 1/4. Tabu alikuwa katikati yao, anacheka bado. Mbele ya 1/2 walisimama watoto wachache, na mmoja wao alikuwa amekosa nafasi kwingine.

"Wewe," mwalimu alimwita mvulana wa mbele, "filamu imekufundisha nini?"

"Mbuzi, mwalimu!"

Darasa lilicheka. Dorkasi alitamani sakafu immeze.

Nje ya darasa Mwalimu Optatus hakugomba. Alifuta chaki mikononi taratibu. "Mbuzi wako amechorwa vizuri, Dorkasi. Nami nimecheka. Ulipomjaribisha Tabu, alikuonesha nini?"

"Alisema ameelewa, mwalimu."

"Alisema." Mwalimu alitikisa kichwa polepole. "Kishikwambi mnacho mpaka keshokutwa asubuhi, maana wenzenu nao wanakisubiri. Nitawauliza watoto tena kabla ya kikao."

Jioni Dorkasi hakumwambia mama yake kitu. Mama alikuwa tayari amepewa ruhusa, na kitenge cha kwendea kwenye kikao kilikuwa kimenyooshwa. Dorkasi alikitazama, akapata wazo. Alitoka kwenda kwa akina Tabu.

Tabu alikuwa nyuma ya nyumba akicheza duka na mdogo wake. Sukari yao ilikuwa mchanga, na mizani ilikuwa makopo mawili yaliyofungwa kwenye kijiti.

"Tabu, njoo nikwambie siri," Dorkasi alisema kwa sauti ya chini. "Mwalimu atawauliza tena. Akiwauliza, nyote mkimbilie 1/2. Waambie na wenzako."

"Sawa, dada." Tabu alifikiri kidogo. "Na akiandika nyingine?"

Dorkasi alikaa kwenye tofali, akaangalia mchanga. Alijua kwamba Ijumaa ingepita salama, mama angepiga makofi, na Tabu angebaki vilevile alivyokuwa.

"Basi, usiwaambie wenzako. Tabu, kwa nini uliniambia umeelewa?"

Tabu alichora chini kwa kidole. "Ulikuwa umefurahi sana, dada. Nikaona nikisema sijaelewa utasikitika."

Mdogo wake alichoka kusubiri. "Dada, nunua basi! Duka linafungwa!"

"Haya, muuzaji," Dorkasi alisema ili kumridhisha. "Nipe nusu kilo ya sukari."

Tabu alichota mchanga akajaza kopo mpaka katikati, akamwaga kwenye kipande cha gazeti.

"Nipe na robo kilo."

Tabu alichota mchanga kidogo kuliko mwanzo. Dorkasi aliinama akatazama. Lile fungu lilikuwa kama nusu ya lile la kwanza.

"Mbona hii umeweka kidogo?"

"Si umesema robo?" Tabu alimshangaa. "Robo ni ndogo, dada. Kila siku mama ananituma robo, na kilo moja unatoa robo nne. Hata huyu mdogo anajua."

Dorkasi aliokota kijiti, akaandika chini 1/4. "Na hii inaitwaje?"

"Hiyo ni moja na nne. Ni ya shuleni."

"Hiyo ndiyo robo, Tabu. Ile ile ya dukani. Hii nne ya chini inasema kilo imegawanywa mafungu mangapi."

Tabu aliangalia maandishi, akaangalia fungu la mchanga, akaangalia tena maandishi. "Kumbe hii nne si nyingi?" aliuliza taratibu. "Ni watu wanne wa kugawana?"

Dorkasi aliinuka mbio kwenda kumwita Castory.

Kesho yake baada ya masomo wote watatu walikaa nyuma ya darasa, mahali pasipo na upepo. Safari hii Dorkasi hakuchora sana. Tabu alimwaga kilo ya mchanga kwenye karatasi nyeupe, akaugawa kidogo kidogo, na Castory akapiga picha kila mkono uliposogea. Kishikwambi alikiegemeza kwenye matofali kisitikisike. Fungu moja likawa mawili, chini yake Dorkasi akaandika 1/2. Mawili yakawa manne, akaandika 1/4. Walipokosea waliacha, wakaanza upya. Sauti walimpa Tabu, naye aliongea kama alivyozoea: "Kilo moja, watu wawili. Kilo moja, watu wanne. Unaona? Watu wakizidi, fungu linapungua."

"Na mbuzi?" Castory aliuliza.

Dorkasi alimtazama mbuzi wake kwenye kishikwambi. "Mtoe," alisema. "Atakuja kula mchanga wetu."

Ijumaa asubuhi filamu ilipooneshwa, hakuna aliyesimama juu ya kiti. Watoto walikaa kimya, midomo wazi. Mmoja alinong'ona, "Huyo si Tabu?" Mwingine akauliza, "Ile ni sukari kweli?"

Mwalimu Optatus hakuuliza kama wameelewa. Aliandika ubaoni 1/4 na 1/8, sehemu ambayo haikuwemo kwenye filamu. Dorkasi alishika ukingo wa dawati. Watoto hawakukimbia. Walisimama wakitazama ubao, wengine wakigawa hewa kwa vidole. Kisha mmoja mmoja wakaanza kusogea, na wengi wao walikwenda kwenye 1/4.

Watoto watatu walibaki mbele ya 1/8. Dorkasi hakungoja kuambiwa. Alichukua karatasi na mchanga, akakaa nao sakafuni. "Hebu nigawieni," alisema, "nione mnavyofanya."

Mchana wazazi walijaa kwenye darasa kubwa. Mama yake Dorkasi alikaa safu ya mbele na kitenge chake. Filamu ilipokwisha alipiga makofi na wengine, lakini alipotoka nje alikuwa na swali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimeiona, nimefurahi. Ila nilidhani nitasikia sauti ya mwanangu, nimesikia ya Tabu. Dorkasi amefanya nini hasa?"

Dorkasi aliinamisha uso. Mwalimu Optatus alijibu taratibu.

"Mama, filamu ya kwanza ilikuwa na sauti yake, michoro yake na muziki. Ilionesha jinsi yeye anavyojua kuchora. Hakuna mtoto aliyejifunza. Angeweza kuwakaririsha jibu tu. Badala yake alikwenda kukaa chini na mtoto mdogo, akajua mtoto yule anaelewa nini na anakwama wapi. Kisha akafuta kazi aliyoipenda, akaanza upya." Alimgeukia Dorkasi. "Kifaa kinaweza kupendeza mpaka tukasahau tulikichukua kwa ajili ya nani. Ukitaka kumfundisha mtu, anza na anachokijua. Na ukitaka kujua kama ameelewa, mwache akuoneshe kwa mikono yake."

Mama aliweka mkono begani kwa bintiye, akaubakiza hapo.

Wakati huohuo Tabu alitokea akikimbia, gauni limejaa vumbi. "Dada Dorkasi! Mwalimu wetu ameandika tatu juu ya nne. Hiyo ni nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Dorkasi, lakini hakulitoa. Alichuchumaa hadi macho yao yakawa sawa.

"Dukani," aliuliza, "ungenipimia sukari hiyo vipi?"