Koili ya Mama Triza

Saa mbili asubuhi. Soko la Burma.

Nyuma ya bucha, juu ya gogo la kukatia nyama, Njogu alichora ramani kwa chaki. Duka la jumla, Umoja. Yeye ataingia na bastola, Kilonzo na mfuko. Wabwire asitoke kwenye usukani.

"Na hiyo Datsun isituzimikie tena, fundi," Njogu alisema. "Jana imetuaibisha."

"Nimeitibu," Wabwire alijibu.

Hakudanganya. Jana ilikuwa imewaka vizuri, ikapata joto, ikazima. Wabwire alichomoa plagi moja, akailaza juu ya injini, Kilonzo akazungusha ufunguo. Hakuna cheche. Akagusa koili, inayoipa plagi umeme: ilichoma kama kikaango. Walipongoja ipoe, cheche ikarudi, ya buluu kabisa. Ugonjwa ulikuwa hapo.

Dawa aliipata uani kwake, Mbotela. Jirani yake, Mama Triza, alikuwa amemwachia Datsun kama hiyo atengeneze breki. Wabwire alifungua koili yake nzima, akaifunga kwenye gari la kazi. Ile mbovu akamfungia mama. Anaenda kanisani tu, alijiambia. Haitapata joto.

Jioni mama alikuja kuchukua gari lake. "Mungu aibariki mikono yako, mwanangu."

Wabwire aliificha mikono nyuma.

Saa nne. Umoja.

Njogu na Kilonzo walitoka dukani mbio, mfuko begani.

"Toa gari! Toa!"

Injini iliitika mara moja. Outer Ring Road, kisha Jogoo Road. King'ora kikaanza kulia nyuma yao.

Karibu na Mbotela Wabwire alikanyaga breki.

Upande mmoja wa barabara ulikuwa umechimbwa. Upande uliobaki ulizibwa na Datsun iliyozima, kiti cha nyuma kimejaa sufuria za arusi. Mama Triza alikuwa akiisukuma peke yake, viatu amevivua.

"Mgonge upite!" Kilonzo alipiga kelele. "Karao hao!"

Mama aligeuka. Akamwona dereva. Akainua mikono juu.

"Asante Yesu! Fundi wangu amefika!"

Wabwire alizima injini. Akachomoa ufunguo, akautupa mtaroni.

"Umerogwa?" Bastola ya Njogu ilimgusa shingo.

"Niue basi. Simgongi."

King'ora kilikuwa karibu mno. Njogu alimtemea mate. Yeye na Kilonzo wakaruka nje na mfuko, wakakimbilia vichochoroni.

Wabwire alifungua boneti ya gari la kazi. Koili ilimchoma vidole, hakuiachia.

"Hii ni yako, mama. Nilikuibia, nikakufungia mgonjwa."

Akafungua boneti ya mama, akaanza kuirudisha.

Polisi walipomkamata bega, alikuwa amebakiza waya mmoja.

"Afande, nimalizie huu tu."

Walimwachia, bunduki zikimtazama. Alipomaliza, wakamfunga pingu, mikono mbele.

"Washa, mama," Wabwire alisema.

Injini iliwaka papo hapo. Mama Triza alichungulia dirishani, akaitazama mikono ile.

"Kumbe," alisema tu, akaondoka.

Safari hii Wabwire hakuwa na pa kuificha.