Msumari Uliofunikwa

Kila alasiri, akitoka shuleni, Chapuchapu alivua sare, akameza chakula bila kutafuna vizuri, kisha akakimbilia karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, na wala si kwa kumsifu.

Shangazi alikuwa fundi wa kayaki, boti nyembamba za mtu mmoja. Fito na mbavu za mbao aliziunganisha kwa uzi uliopakwa nta, halafu akazivika turubai. Msumari haukuonekana humo hata wa dawa.

"Boti hii hujipinda na mawimbi," alisema. "Uzi unakubali. Msumari ni mkaidi, utapasua mbao."

Siku moja Chapuchapu alipewa ubavu wa katikati aufunge. Kila alipokaza uzi, uliteleza, maana hakuwa na subira ya kuchonga mfuo, mkato mdogo kwenye mbao wa kuushika. Nje wenzake walikuwa wakimwita mchezoni. Akatazama huku na huku, akapigilia kimsumari, akazungushia uzi juu yake. Fundo likapendeza kuliko yote. Kesho yake turubai likashonwa juu.

Tangu hapo hakuwa na raha. Upepo ulianza kuvuma kutoka ziwani, mabati ya karakana yakawa yanagongana mchana kutwa. Jioni kaka yake mkubwa aliingia ndani ya kayaki ili kujaribu kiti. Alipoegemea, kitu kikalia ndani: krii!

"Inanisalimia hiyo!" kaka akacheka. "Kesho navuka nayo mpaka ng'ambo."

Shangazi hakucheka. Alizunguka boti polepole akipapasa turubai, lakini hakuona kitu. Chapuchapu aliinama, akajifanya anaokota maranda.

Asubuhi maji yalikuwa meusi, na mawimbi yalipiga ufukwe kwa kishindo. Kaka aliketi, akashika kasia, akaanza kujisukuma.

"Kaka, shuka!" Chapuchapu alipiga kelele, akaingia majini na viatu vyake. "Shuka, nakuomba!"

"Una wazimu wewe?"

"Nimepigilia msumari! Ubavu wa katikati!"

 Shangazi, aliyekuwa ufukweni akitazama, alimshusha kaka, akaivuta kayaki nchi kavu, akachomoa kisu, akalichana turubai jipya. Ubavu ulikuwa umepasuka, na ncha ya msumari ilikuwa imeshatoboa nusu ya unene wa turubai. Kaka aliketi mchangani.

"Ningekuwa katikati ya ziwa," alisema kwa sauti ndogo.

Chapuchapu akaangua kilio. Shangazi akamwacha alie mpaka akatosheka, kisha akamkabidhi ubavu mpya na patasi. Safari hii alichonga mfuo taratibu, na uzi ukashika.

"Kuharibu mbao si kitu, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Hata mimi naharibu, kisha naanza upya. Lakini ukilificha kosa ndani ya chombo, jua kwamba umempakia mtu pamoja nalo."