Mnyororo wa Lori la Maji

Betri ya pikipiki ilikuwa imebaki asilimia sita.

Sindano akalaani kimoyomoyo. Zamani jasusi alikimbiza wezi kwa gari la injini kubwa, matairi yakilia hadi mbwa wakakimbia. Siku hizi visima vya mafuta vya dunia vimekauka, meli za mafuta zimekuwa hadithi, na jasusi wa taifa anakimbiza wezi kwa pikipiki ya umeme inayolia kama mbu mgonjwa. Makubwa haya!

Redio yake, Motorola kuukuu, ikakoroma kiunoni.

"Sindano, Mkubwa hapa. Umeliona?"

"Bado. Barabara nzima ni mikokoteni, na lori moja la maji."

"Lori la mafuta haliyeyuki, bibie! Litafute!"

Asubuhi ile lori la dizeli, la mwisho kutoka ghala la taifa, lilitoka kwenda hospitali. Likafika lori la rangi ileile, namba ileile. Fundi wa jenereta akafungua koki, akanusa, akashika kichwa. Yalikuwa maji matupu. Lile lenye dizeli halikujulikana lilikopotelea, na jenereta ya hospitali ilikuwa na mafuta ya kufika jioni tu.

Sindano hakuhitaji kuelezwa zaidi. Katika wodi ya watoto njiti, ndani ya kisanduku cha kioo kinachopashwa joto kwa umeme wa jenereta hiyo, alilala mtoto wa dada yake. Hata jina alikuwa hajapewa. Umeme ukikatika, kisanduku kinapoa, na mtoto naye anapoa.

Akalisogelea lile lori la maji ili alipite. Ubavuni limeandikwa kwa rangi ya buluu: MAJI SAFI YA KUNYWA. Nyuma, chini ya bampa, mnyororo ulikuwa unaburuzwa kwenye lami. Kwarakwara, kwarakwara.

Mnyororo?

Marehemu baba yake aliendesha malori ya mafuta mpaka akastaafu. Mafuta yakitikisika ndani ya tangi huzaa umeme, alimwambia. Ikiruka cheche moja, hapapatikani hata cha kuzika. Ndiyo maana dereva wa mafuta huburuza mnyororo, umeme uteremke ardhini. Lakini maji! Nani aliwahi kuogopa maji yasije yakalipuka?

Wezi walibadilisha namba, rangi na maandishi. Mazoea ya dereva wakayasahau.

Asilimia mbili. Sindano akakamua mwendo wote uliobaki, akalipita lori penye mashimo, akailaza pikipiki katikati ya njia. Breki za lori zikapiga yowe.

Mlango wa abiria ukafunguka. Akashuka mgeni mwenye miwani ya jua, mnunuzi wa nchi za mbali, bastola mkononi.

"Ondoa takataka yako!"

"Piga basi," Sindano akamjibu, bastola yake ya Glock ikimtazama yule bwana kifuani. "Tangi liko mgongoni kwako."

Mgeni akakaza kidole. Ndipo dereva alipomrukia kutoka ndani, akamng'ang'ania mkono. "Usipige! Usipige karibu na mafuta, mwendawazimu wewe!"

Sindano hakungoja kualikwa. Kitako cha Glock kikatua kisogoni, mgeni akala vumbi. Pingu zikalia kwach. Kisha akamgeukia dereva, akamtazama vizuri usoni.

"Baba mdogo?"

Mzee akainamisha kichwa. "Mwanangu... kazi hakuna. Malori yote yameota nyasi. Waliniambia haya ni mafuta ya serikali, si ya mtu."

"Yalikuwa ya hospitali! Ulidhani mle hospitalini wamelala nani? Mjukuu wako yumo mle. Wa dada. Njiti."

"Sikuambiwa kama amejifungua. Nani angekuja kuniambia, nauli yenyewe hakuna?" Akakaa chini pale pale barabarani, akalia bila kuficha uso.

Sindano alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia. Akainua redio.

"Mkubwa, mzigo umepatikana. Naupeleka hospitali."

"Safi sana! Lakini ulete kwangu kwanza. Magari ya msafara wangu yamekauka mafuta."

"Na hospitali?"

"Hospitali wamezoea kusubiri."

Sindano akaizima redio, akaisukuma pikipiki kando ya barabara. Mgeni akatupwa nyuma ya viti kama gunia, mzee akashika usukani, lori likageuka.

Hospitalini fundi wa jenereta alikuja mbio na mpira wa kupitishia mafuta. Baba mdogo alishuka, akauangalia kwanza mnyororo kama umegusa ardhi, ndipo akafungua koki. Jenereta ikanywa. Alipomaliza akanyoosha mikono mwenyewe, na Sindano akamfunga pingu.

"Naweza kumwona mtoto?"

"Hapana, baba mdogo."

Fundi akapangusa mikono. "Dada, haya yakiisha, mengine yatatoka wapi?"

Sindano akamsaidia kukunja mpira. Polisi walipokuja wakawachukua mgeni na mzee, akaiwasha redio, na Mkubwa tayari alikuwa anafoka. "Mafuta yangu yako wapi? Ukifika hapa huna kazi!"

"Yamo kwenye jenereta, Mkubwa. Njoo uyanyonye."

Akaitumbukiza redio kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Juu, taa za wodi ya njiti zilikuwa zinawaka. Akavaa miwani ya jua ya yule mgeni, akaenda zake kwa miguu, kama watu wote.