Walifukua Kondo la Mwanangu, Nikafukuzwa Likoni

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na mmoja na mtoto mmoja wa kike. Jina langu naomba mniruhusu nilifiche. Si kwamba nimefanya la aibu, hapana! Ni kwa sababu aliyelifanya bado namwita wifi, na mwanangu bado anamwita shangazi.

Naishi na mama yangu mzazi hapa Frere Town, katika chumba kile kile nilichokulia. Niliondoka humu kwa vigelegele, nikarudi na begi moja na mtoto mgongoni... Nani angedhani?

Sisi wa Frere Town wa asili, mababu zetu waliletwa hapa na wamisheni baada ya kuokolewa kwenye majahazi ya watumwa. Ukiniuliza babu wa babu yangu alizaliwa wapi, nitakuonyesha makaburi ya kanisani, na nyuma ya hapo sijui kitu. Sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo. Kanisa lilikuwepo, majirani walikuwepo, tulizikana na kuozana. Tatizo nililiona nilipoolewa.

Mume wangu, ambaye nitamwita Katana, ni Mgiriama. Alikuwa akifanya vibarua vya kupakia mizigo Changamwe, lakini mji wao uko Likoni, katika kiwanja alichonunua marehemu baba yake. Baba huyo amezikwa hapo hapo, nyuma ya nyumba.

Mji ule ulikuwa wa mama mkwe. Alikuwa mkali, lakini sitamsingizia, alinipenda. Nilipokuwa na mimba alinikorogea uji kila asubuhi, hata miguu yake ilipokuwa imevimba. Utani wake tu ndio uliouma. Alipenda kusema kwamba watu wa Frere Town ni kama kuku wa sokoni, hawajui walitoka banda gani. Watu wakicheka, nami nacheka. Ningefanyaje?

Katika mji ule, mtoto hahesabiwi kuwa wa pale mpaka kondo lake la nyuma lizikwe pale. Mama mkwe alinionyesha mahali penyewe, kando ya ukuta wa bafu la nje, ambapo maji ya kuoga hutiririka na udongo haukauki. Kondo la Katana lilizikwa hapo, na la dada yake Sidi, na la kila mtoto wa shemeji zangu. Alinieleza kuwa kondo likishapokelewa na udongo, hata mtoto akaenda Ulaya, ana pa kurudi.

Nilifurahi jamani! Mimi nisiyejua kwetu, mwanangu angekuwa na kwao. Niliomba Mungu kwa ajili ya jambo hilo kuliko nilivyoombea uchungu uwe mwepesi.

Uchungu haukuwa mwepesi. Zahanati ya Likoni ilishindwa nami, nikavushwa kwa feri hadi hospitali ya kisiwani nikafanyiwe upasuaji. Katana alikuwa kazini. Mama mkwe na miguu yake hakuweza kuvuka, akamtuma Sidi anifuate. Sidi ndiyo kwanza alikuwa amemaliza sekondari, na tulipendana naye sana. Nilimsuka nywele, alinieleza habari za wavulana wake... Mama mkwe alimkabidhi chungu kidogo na kipande cha kaniki. Maagizo yalikuwa mafupi. Aombe kondo, alitie chunguni, afunge, na asifungue tena mpaka alifikishe nyumbani.

Nilipozinduka, mtoto alikuwa salama. Msichana! Akapewa jina la mama mkwe, Kadzo, kama ilivyo desturi yao. Mama yangu alikuwa ameshafika kutoka Frere Town, ameketi kando ya kitanda. Sidi aliniinulia kikapu nione chungu kimefungwa kaniki vizuri, akaniambia anakwenda kabla jua halijawa kali. Nikamshukuru kwa sauti ambayo hata haikutoka.

Mama mkwe alikizika chungu jioni ile ile, kikiwa kimefungwa. Kwao hakifunguliwi.

Miaka mitatu tuliishi vizuri. Kadzo alikuwa roho ya bibi yake. Wakila, wanakula sahani moja. Kisha mtoto akaanza kuanguka. Anacheza, mara macho yanageuka, mwili unakakamaa, povu mdomoni... Nilidhani amekufa! Mimi nilitaka hospitali. Mama mkwe alikwenda kwa mganga, naye akasema kondo limekaa vibaya ardhini, lifukuliwe liwekwe sawa.

Nilipinga kwa upole. Nilimuuliza Katana, kondo la miaka mitatu litakuwa limebaki nini zaidi ya udongo? Akaniambia nimwachie mama aridhike. Basi asubuhi moja ya Jumamosi akachimba yeye mwenyewe kwa jembe, mama mkwe amesimama, baba zake wadogo wawili wamesimama, Sidi amesimama, nami nimembeba mtoto.

Chungu kilitoka kizima. Kaniki ilikuwa imeoza. Ndani yake mlikuwa na udongo kidogo na mifupa.

Mifupa! Mbavu ndogo za mbuzi, zimekatwa sawasawa kwa panga la bucha.

Mama mkwe aliokota mmoja, akaugeuza, akaupangusa kwa leso yake. Hakupiga kelele.

"Hii ni nyama ya kununua," alisema. "Kondo la mjukuu wangu liko wapi?"

Sote tulimgeukia Sidi. Nilikuwa na hakika angeeleza. Alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Mimi nilileta nilichopewa," alisema.

Maneno matatu tu... Aliyepewa ni yeye, na mimi nilikuwa nimelazwa na dawa ya usingizi. Ningeshuhudia nini?

Mama mkwe alikaa chini pale pale kwenye udongo uliofukuliwa. Akakumbuka kuwa siku ile mama yangu alikuwepo hospitalini. Akaunganisha mambo. Kwa hesabu yake, mama yangu ndiye aliyechukua kondo, akatia nyama ya bucha, akaenda kulizika Frere Town ili mtoto awe wetu. Nilipiga magoti. Nililia. Nilimwambia kwetu hatuna desturi hiyo, hata hatujui linazikwa vipi! Ndipo akaniambia neno ambalo mpaka leo nalisikia.

"Mmekosa kwenu, mkaja kuchukua kwetu."

Mama yangu aliitwa. Alikuja na Biblia yake, akaapa mbele yao. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa maji ya kunywa, wala hawakumwamini.

Mtaniuliza, je, mume wako alikuwa wapi? Alikuwepo! Nilimwambia twende tukapimwe damu, dunia nzima ijue mtoto ni wake. Akaniambia hakuna aliyesema si wake.

"Sura ni yangu, damu ni yangu," alisema. "Lakini si wa hapa. Mama hawezi kulala nyumba moja naye."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Angenishuku uzinzi, ningekuwa na cheti cha daktari. Kwa hili, cheti kinatoka ofisi gani?

Nilikwenda hospitalini. Wauguzi wa siku ile walikuwa wamehamishwa. Yule niliyemkuta alinihurumia, akaniambia kondo likishakabidhiwa jamaa, wao hawajui linakwenda wapi. Nikarudi kwa mama yangu na begi langu. Kadzo tulimpeleka kliniki, ikaonekana ni kifafa, akapewa vidonge, akaacha kuanguka. Nilimpigia Katana simu kumweleza. Akasema, "Mungu ni mwema," akakata.

Mwanzoni alikuja kumwona mtoto, akileta maziwa na matunda. Baadaye akawa anatuma mtu. Baadaye akaoa. Nikasikia mke mpya amezaa mvulana, kondo limezikwa kando ya bafu, na safari hii mama mkwe alilifuata mwenyewe kwa miguu yake mibovu.

Siku moja mchana naosha vyombo uani, namwona Sidi mlangoni. Ana mimba kubwa. Alikuwa ameolewa Changamwe. Nilimkaribisha kiti, akakataa, akakaa sakafuni. Akaanza kulia hata nikaogopa mimba itatoka.

Alinieleza yote. Siku ile, alipofika kwenye feri upande wa kisiwani, askari walikuwa wanapekua mizigo, kila kikapu kinafunguliwa na mbwa wananusa. Aliwaza wakikifungua chungu mbele za watu, wakute nyama yenye damu ya binadamu, watasema ameua mtoto. Alikuwa msichana mdogo, peke yake, ameshikwa na hofu. Akasogea pembeni, akakimimina chungu kwenye pipa la taka, akavuka. Upande wa Likoni akapita buchani, akanunua mbavu za mbuzi, akafunga kaniki upya. Alijua chungu hakifunguliwi.

Kondo la mwanangu... kwenye pipa la taka! Na mimi nafukuzwa kama mwizi!

Sikumpiga. Nilikuwa nimeshachoka. Nilimuuliza tu kwa nini alinyamaza siku ile ya kufukua. Akasema alimwogopa mama yake, na kila siku iliyopita iliifanya kesho yake kuwa ngumu zaidi. Sasa yeye mwenyewe anakaribia kuzaa, na hapati usingizi. Nilimwomba aende Likoni akaseme. Akaahidi, akishajifungua salama.

Alijifungua salama. Nikangoja... Miezi ikapita. Simu zangu hazipokewi.

Basi nikajipa moyo, nikaenda Likoni mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amedhoofu, lakini alinipokea, tukakaa kwenye benchi la mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri. Nilimweleza kila kitu kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye ni mtu wa haki, Sidi aseme mwenyewe. Akampigia simu papo hapo, akaweka sauti ya nje.

Moyo ulinidunda jamani! Nilijua leo ndiyo leo. Mama mkwe akauliza swali moja tu, kama ni kweli alilitupa kondo. Kisha nikamsikia wifi yangu, sauti yake laini kama zamani.

"Wifi ana uchungu, mama. Msamehe."

Mama mkwe alinitazama kwa huruma. Ndiyo, kwa huruma! Akaniagizia soda, akaniambia nisirudi tena kwa neno hilo.

Haukupita mwaka, mama mkwe akafa. Nilikwenda kuzika na Kadzo. Nani angemzuia mtoto kumzika wajina wake? Tulikaa nyuma, chini ya turubai, na majirani. Wakati wa kutia mchanga, mchungaji aliwaita wajukuu. Watoto wakapanga mstari, na mwanangu akaondoka mapajani mwangu akaenda kujipanga nao, nyuma ya binamu zake. Viganja ameshavikunja tayari kuchota. Mmoja wa mashangazi akamshika bega, akamtoa kwenye mstari taratibu, akamrudisha kwangu. Mtoto hakulia. Alikaa, akajipangusa mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa na mchanga.

Ndipo Sidi akaanguka. Alipiga yowe, akasema yote mbele ya kaburi, mbele ya baba zake wadogo, mbele ya Katana na mke wake. Feri, pipa la taka, bucha. Watu walishika vichwa. Mimi nilisimama nikidhani sasa yameisha, sasa watamwita mwanangu atie mchanga.

Hakuna aliyemwita. Baada ya mazishi Katana alinifuata kando, macho mekundu. Akasema ananiamini, na kwamba nilionewa. Nikamuuliza, je, mtoto?

"Aliyemtoa mjini ni mama," alisema. "Wa kumrudisha ni yeye yeye, nasi tumemzika leo."

Wazee walisema kuna namna, kuna mbuzi wa kuchinjwa na maneno ya kusemwa, watakaa waangalie. Mpaka leo wanaangalia. Sidi huja hapa Frere Town na nguo za mtoto na sukari. Nimemsamehe kwa mdomo. Moyoni, bado namwachia Mungu. Kadzo ana miaka saba, na wenzake shuleni wakisema Desemba wanakwenda kwao, yeye huniuliza sisi tunakwenda wapi.

Ndugu zangu msomao, sisemi desturi ni mbaya. Mimi mwenyewe niliitamani! Ila mama mjamzito, kabla uchungu haujakushika, kaa na wakwe na mume mkubaliane. Kama kondo litaachwa hospitalini, liachwe kwa kauli ya wote. Kama litazikwa, walifuate watu wazima, wasiwe pungufu ya wawili, wala msimbebeshe msichana mwenye hofu jambo la ukoo mzima. Muulizeni muuguzi namna ya kulisafirisha, na kama kuna cha kumwonyesha askari.

Na wewe uliyetumwa likakushinda, nakusihi, rudi useme siku ile ile. Utagombezwa, labda utapigwa kofi, na kesho utakula nao sahani moja. Usingoje hadi mwenye kusamehe awe ndani ya jeneza. Wifi yangu alisema kweli yote, hakubakiza neno, na mwanangu akarudi nami Frere Town jioni ile ile.