Ulimshika Nani Mkono?

"Kurtis, hebu fungua hicho kiganja."

"Cha nini tena, mpenzi?"

"Nimesema fungua!"

Kurtis akafungua. Kiganjani kulikuwa na alama za kucha, mbichi kabisa. Mjukuu wangu Delaney akaziangalia, akamwangalia mwenye kiganja. Mimi pale kwenye kiti changu nikaingiza mikono yangu chini ya blanketi. Baridi, jamani. Mji wetu huu wa Saginaw mwezi wa kwanza si mchezo.

Hawa wawili walikuwa wamechumbiana tangu sikukuu ya bata mzinga, mwezi wa kumi na moja. Walikuwa wameahidiana kuangalia pamoja sinema tano za kutisha, kwenye kochi langu hili hili, kabla hazijaondolewa mtandaoni mwisho wa mwezi. Sasa Delaney alikuwa ameshika simu yake.

"Akaunti yetu inaonyesha zote zimeangaliwa, mstari mwekundu umefika mwisho, Kurtis! Ya mjane na kisima, ya mapacha wa ghalani, mpaka ile ya kinyago! Umeangalia na nani?"

"Labda simu yako imekosea..."

"Simu yangu haina mchepuko. Wewe ndiye unao!"

"Niliangalia peke yangu."

Delaney akacheka. Marehemu mama yake naye alikuwa na kicheko hicho, na baada ya kicheko sahani zilikuwa zinaruka.

"Peke yako? Wewe ukiona buibui bafuni unanipigia mimi simu! Huwezi kuangalia sinema ya kutisha bila kushika mkono wa mtu. Niambie basi. Ulimshika nani mkono?"

Delaney akapiga simu gereji ya matairi anakofanya kazi mchumba wake, akaweka sauti juu tusikie wote. Akapokea mwenzake wa kazini.

"Haloo, Lyle? Eti Kurtis wiki hii anafunga matairi ya theluji mpaka jioni?"

"Nani, Kurtis? Akishakula mchana tu anaondoka, shemeji. Anasema anakwenda kumsaidia mwanamke mmoja na televisheni yake."

"Asante, Lyle. Umenisaidia sana."

Akakata. Akamvuta Kurtis ukosi wa koti, akanusa.

"Mwanamke na televisheni yake! Tena koti linanukia waridi! Bibi, umesikia?"

"Nimesikia, mjukuu wangu. Mwanamke huyo hana haya hata kidogo."

Kurtis akanitolea macho. Nikamkonyeza. Si mwenyewe aliniapisha nisiseme?

"Na wewe je?" Kurtis akapata sauti. "Nani kamwalika Brock Jumamosi aje kuangalia na sisi?"

"Brock ni mfanyakazi mwenzangu!"

"Ni mpenzi wako wa zamani! Ona alichoandika kwenye kundi letu la simu." Akasoma kwa nguvu: "'Jumamosi mleteeni Kurtis nepi. Delaney, njoo ukae kwangu, mimi sipigi kelele.' Na wewe ukamjibu kwa alama ya kicheko!"

"Kicheko kimoja!"

"Viwili."

Msimu wa maboga, mwezi wa kumi, Kurtis aliruka kwa woga kwenye sinema, bakuli zima la bisi na siagi likamwagikia Brock kichwani. Tangu siku hiyo Brock anamwita Kifaranga.

"Usinigeuzie kibao," Delaney akasema, na machozi yakaanza. "Brock hanihusu. Aliyenidanganya ni wewe. Chukua pete yako."

Akavuta. Pete haikutoka. Akavuta tena mpaka uso ukawa mwekundu. Keki zote zile za Krismasi, unategemea nini?

"Bibi, mafuta yako ya mgando yako wapi?"

"Yamekwisha," nikasema upesi.

Hakunisikiliza. Akaingiza mkono chini ya mto wangu ninapowekaga vitu vyangu, akatoka na chupa ya mafuta ya waridi ambayo hajawahi kuiona. Akafungua, akanusa, akasimama kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka chumba cha chini.

Akalivuta blanketi langu. Kucha hizo, ndefu, nyekundu.

"Bibi!"

"Nini?"

"Ni wewe?"

"Si nilikwambia hana haya?"

Delaney akamgeukia Kurtis. Maskini alikuwa anaangalia zulia.

"Nilitaka nijue kila zimwi linatokea wapi," akasema. "Nisipige kelele tena mbele ya Brock. Ulivyomchekea, nikaona utachoka na mwanaume mwoga. Mafuta nilimletea bibi kumshukuru. Nilimminya sana mkono."

"Na mimi nikamminya," nikaongeza. "Yule mjane anatisha."

Delaney akakaa chini.

"Kurtis, miaka miwili nilikuwa na Brock. Hajawahi kunishika mkono kwenye sinema. Nilikuwa nakaa pale na bisi zangu kama niko kituo cha basi. Wewe siku ya kwanza ulinishika mpaka vidole vikafa ganzi. Nikasema moyoni, huyu ananitaka mimi."

Akachukua simu, akaandika kwenye kundi: "Brock, Jumamosi usije. Kochi limejaa."

Pete aliiacha palepale kidoleni.

Hatukungoja Jumamosi, tukawasha ya mjane mchana uleule. Kurtis alijua kila kitu, akawa anatangaza, "Anakuja, anakuja," na mjane akija anapiga kelele vilevile. Delaney anacheka, vidole vyao vimesukana kama nywele.

Mimi kitini nikangoja. Wiki nzima nilikuwa nimezoea. Tangu mume wangu Harlan afariki, anayenishika mkono ni nesi tu, tena anatafuta mapigo. Nikauweka mkono wangu ukingoni mwa kiti, karibu na kochi. Hakuna aliyeuona. Mnajua wivu ulivyo? Unaanzia tumboni, hata kwa mtu wa miaka themanini.

Mjane akaanza kupanda kutoka kisimani. Wale wawili wakainama mbele, wamebana pumzi. Nikanyoosha mkono polepole, nikapitisha ukucha mmoja, wa baridi, shingoni mwa Kurtis.

Nyumba nzima ilitikisika. Kurtis akaruka, akanyakua kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mkono wangu.

"Tulia, mwanangu," nikamwambia. "Bibi yupo."