Kufuli ya Choo

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, ndiyo siku nyumba yangu ilipopinda. Asubuhi yake ilikuwa njema tu. Mimi ni mchomeleaji wa mageti. Mke wangu alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule. Alinitazama nikivaa, akacheka.

"Mzee wa Cheche, hilo shati lina matundu mengi kuliko chujio. Unakwenda kazini au kuchuja chai?"

"Ya kupitisha hewa hayo. Dawa umemeza?"

"Kwani leo Jumapili?"

Ngojeni niwaeleze, jamani. Mke wangu alikuwa na presha, na kidonge chake kilikuwa kile cha kukojoza. Kule kazini choo kilifungwa kwa kufuli. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa msimamizi, jamaa waliyembandika jina la Filimbi, na ulitoka mara mbili tu kwa siku. Basi wanawake wenye presha wakajitungia utaratibu: kidonge Jumapili, siku za kazi hakuna, na maji ni ya kulowesha ulimi. Waliita "kufunga bomba". Walifundishana kwa kicheko, kama watu wanaopeana siri ya mapishi.

Siku hiyo, kabla ya mapumziko, mke wangu alishika kichwa, akasema sindano anaiona mara mbili. Mdomo ukaenda upande.

"Amechoka huyo, mlazeni kwenye majora," Filimbi akasema. "Geti halifunguliwi bila bosi."

Akalazwa juu ya majora ya vitambaa mpaka bosi aliporudi kutoka kula.

Hospitalini daktari, binti wa umri wa mwanangu, alinionyesha picha ya kichwa.

"Mshipa umepasuka ndani ya ubongo, baba. Na damu ikishamwagika humo haitulii. Ikivunjika inaachia madini ya chuma, na hayo yanachochea sumu zinazounguza hata sehemu iliyobaki nzima."

"Kama kutu?"

"Inakaribiana na kutu."

"Kutu mimi naipiga msasa. Nyie msasa wenu uko wapi?"

Akainamisha macho. "Wa kuikomesha hiyo bado hatuna. Tunashusha presha, tunalinda kilichobaki. Hiyo habari ya choo uliyonieleza, angetuambia yeye mapema, tungembadilishia dawa."

Mke wangu alifariki Ijumaa, amenishika kidole kwa mkono uliobaki na nguvu.

Baadaye binti yetu akaajiriwa kwenye karakana ileile. Nilikataa, akanishinda kwa maneno, maana ni wa mama yake. Akapimwa: presha. Akapewa kidonge cha aina ileile. Usingizi ukanihama.

"Mwanangu, na wewe utafunga bomba?"

"La mama lilifungwa, baba, likapasukia kichwani. Mimi sifungi."

Akameza mbele yangu, akashushia glasi nzima ya maji. Kazini, mapumziko hayajafika, akasimama.

"Kaa chini!" Filimbi akafoka.

"Naenda chooni, mjomba. Ukininyima, nitamalizia hapa kwenye sare."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Wanawake wote wakainuka.

"Na sisi tumebanwa!" mmoja akapaza sauti. "Filimbi, leo mvua inanyesha ndani!"

Filimbi akatoa ufunguo. Kesho yake wanawake wale wakaniita mimi nikaikate ile kufuli. Nimekata vyuma vingi, lakini sijapata kukata kitu kwa raha kama ile.

Siku hizi jioni namsubiri binti yangu mlangoni. Presha yake imetulia, kicheko chake kimekuwa cha mama yake kabisa, na shati langu sasa analisema yeye. Nimeridhika. Kinywa tu ndicho kichungu, nikimkumbuka mama yake.

Funzo

Ndugu zangu, presha haina siku za kazi wala Jumapili. Dawa ikikusumbua, mweleze daktari akubadilishie, usijipangie mwenyewe. Mtu akipinda mdomo au akianza kuona vitu mara mbili, hajachoka huyo: mkimbizeni hospitali. Na ninyi mnaoshika funguo, mwili wa mtu hauombi ruhusa.

Wakubwa wa karakana walikuja kwenye msiba wa mke wangu na shada la maua. Niliwauliza jambo moja, na hadi leo nangoja jibu: mle chooni mlikuwa na nini cha kuibiwa, hata mkakipiga kufuli?